Misuli Ikichoka, Pumzi Nayo Hupungua

Joytown, shule ya watoto walemavu ambayo Jeshi la Wokovu lilianzisha Thika mwaka 1962, imesomesha watoto wenye ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli. Sisi huona miguu tu. Lakini kifua pia huendeshwa na misuli. Ikichoka, hewa chafu hubaki mwilini.

Dalili huja pole pole: kichwa kuuma asubuhi, kusinzia mchana, kikohozi kisicho na nguvu, kushindwa kulala chali. Hapo mafua tu yaweza kuleta hatari. Usingoje kuche!

Mwenye gari ni nani? Pesa za petroli ziko kwa nani? Andikeni karatasi: jina la ugonjwa, dawa, na maneno haya kwa daktari: “Shida ni misuli. Oksijeni peke yake haitoshi. Pimeni hewa chafu, msaidieni kupumua.” Njiani akae wima. Walio Ruiru waulize mapema hospitali ya karibu, na ile ya Thika Level 5, kama mashine ya kupumulia iko na inafanya kazi.

Na mama yake asikeshe peke yake kila siku, pangeni zamu.