WAZEE WAMEACHANA: PESA YA MTOTO NI YA NANI?

Vijana wengi mnaosoma jarida hili mnaishi na mzazi mmoja. Mama yuko Mgogoni, baba kahamia Wete au kaoa Unguja. Hapo ndipo linapozuka suali linaloumiza: pesa ya mtoto ashike nani? Tulijibu pamoja, maana mtoto anayekosa mlo, dawa na daftari huharibikiwa na afya, halafu na masomo.

1. Talaka inavunja nini?

Talaka inavunja ndoa. Haivunji uzazi. Katika sheria ya Kiislamu, nafaka ya mtoto ni wajibu wa baba hata kama mtoto analelewa na mama. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, nayo inamtaka mzazi amtunze mtoto kwa chakula, nguo, malazi, matibabu na elimu. Mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo hata wewe wa kidato cha pili umo!

2. Na pesa za msaada?

Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, uliozinduliwa 2012, ulifika hadi Pemba. Ruzuku yake ilipewa kaya, yaani watu wanaoishi na kula pamoja, na mara nyingi aliyepokea ni mama. Sehemu ya ruzuku ilitegemea watoto kwenda skuli na wadogo kupelekwa kliniki.

Hapa wengi hukosana. Baba husema, "Mama yenu anapokea, mimi nilete nini tena?" Hiyo si sahihi. Ruzuku ni nyongeza kwa kaya maskini, haimfutii baba wajibu wake. Vilevile, mtoto akihamia kwa baba, si haki jina lake liendelee kuliwa kwa mama. Pesa imfuate mtoto. Taratibu hubadilika kila awamu, basi muulizeni sheha wa shehia yenu.

3. Wagawane vipi?

Waorodheshe mahitaji kwanza, ndipo wataje pesa:
- Ya kila siku: chakula, sabuni, nauli.
- Ya mwaka: sare, viatu, daftari.
- Ya ghafla: homa, kulazwa hospitali.

Kisha waandike nani atatoa nini na lini. Baba anayetegemea karafuu anaweza kutoa kidogo kila mwezi, na wakati wa mavuno akalipa sare zote. Waandike mbele ya mashahidi, kila mmoja abaki na nakala.

4. Wakishindwana?

Waanze na wazee wa familia na sheha. Ikishindikana, waende kwa ofisa wa Ustawi wa Jamii au Mahakama ya Kadhi ya wilaya, ambayo husikiliza kesi za talaka na matunzo. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga simu 116, bila malipo.

5. Wewe je?

Usikubali kuwa tarishi wa ugomvi. "Mwambie baba yako hana haya" si ujumbe wa kubebeshwa mtoto. Jibu kwa adabu: "Mama, naomba mzungumze wenyewe." Ukikosa usingizi au hamu ya kula, mweleze mwalimu au shangazi unayemwamini. Wazee kuachana si kosa lako.

ZOEZI
1. Kwa nini ruzuku haiondoi wajibu wa baba?
2. Andika mahitaji yako ya mwezi mmoja. Yapi hayawezi kungoja?
3. Jadilini darasani: mzazi asiye na kazi achangie nini?