Usaili wa Mtandaoni na Kaida za Grice

Methali isemayo "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza" humkanya msemaji asijisifu. Je, mhitimu wa Kiswahili aifuateje katika usaili wa kazi? Akiwa Loitokitok, chini ya Mlima Kilimanjaro, naye msaili yuko Nairobi, aghalabu huonekana uso tu kwenye skrini. Lugha ndiyo shahidi wake mkuu.

H. P. Grice (1975) alibainisha kaida nne za mazungumzo: kiasi, ukweli, uhusiano na namna. Aambiwapo "Jieleze", anayejibu "Mimi ni mchapakazi" hukiuka kaida ya kiasi, kwa kuwa habari aliyotoa haitoshi. Anayejibu "Nilifundisha ushairi Kidato cha Tatu muhula mzima, nikasahihisha insha 40 kila juma" hajajisifu. Kazi yake ndiyo imsifuyo. Methali haijavunjwa.

Kwa hivyo, kabla ya siku hiyo, mhitimu aandike mambo matatu aliyoyatenda kweli, kisha azoee kusimulia kila moja kwa dakika mbili, saa ikiwa mbele yake. Katika jaribio la maandishi, kaida ya uhusiano ndiyo kuu: asome swali mara mbili, ajibu lililoulizwa, wala si lile alilolikariri.