Mpaka Usio na Geti Bado Ni Mpaka

Ukipanda basi Dublin kwenda Belfast, hutakuta geti wala foleni ya malori kama ya Malaba. Utajua umevuka pale vibao vya mwendo vinapoacha kilomita na kuanza maili, na dukani wakitaka pauni badala ya yuro. Ndugu zetu wengi huishia kudhani kwamba hapo hapana mpaka. Upo, kati ya Jamhuri ya Ireland na Ireland Kaskazini iliyo sehemu ya Uingereza, na unaweza kukuponza.

Una urefu wa kilomita 500 hivi na hukatizwa na njia zaidi ya 200. Katika miaka ya mapigano ya Ireland Kaskazini, yaliyoua watu wapatao 3,500, ulisimamiwa na wanajeshi wenye minara na vizuizi. Mkataba wa Ijumaa Kuu wa 1998 ulifungua njia ya kuviondoa. Kwa hiyo Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya mwaka 2020, hofu ilikuwa kubwa: vibanda vya ushuru vikirudi, bunduki nazo zisije zikarudi.

Dawa iliyopatikana ni kuhamishia ukaguzi baharini. Ireland Kaskazini inafuata kanuni za Ulaya kwa bidhaa, hivyo lori la maziwa huvuka kwenda kusini bila kusimamishwa. Shehena inayotoka Uingereza bara ndiyo inayoangaliwa, katika bandari kama Larne na Belfast. Tangu Oktoba 2023, bidhaa za kubaki kaskazini hupita njia ya kijani yenye makaratasi machache. Zinazoweza kuvuka kusini hupita njia nyekundu. Wapo wakazi wanaolalamika kwamba wametengwa na nchi yao wenyewe kwa mstari wa baharini, na uchungu wao si wa kubeza. Hata hivyo, Desemba 2024 bunge lao la Stormont lilipiga kura utaratibu uendelee.

Hayo ni ya mizigo. Ya watu yana sheria nyingine. Raia wa Uingereza na wa Ireland huingia na kutoka watakavyo, kwa makubaliano ya tangu miaka ya 1920. Wewe mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania humo huhesabiwi. Viza ya Uingereza haikuingizi Dublin, wala ya Ireland haikufikishi Belfast, hata kama una kibali cha kuishi upande mmoja. Polisi wa Ireland hupanda mabasi na treni zinazotoka kaskazini na kuuliza hati. Ukikutwa huna, unaweza kurudishwa, na jambo hilo likakuharibia maombi ya viza ya baadaye.

Mtego mkubwa uko kwenye tiketi. Safari ya ndege hadi Dublin ikionekana nafuu, na harusi unayoiendea iko Belfast, jumlisha kwanza gharama za viza mbili na muda wa kuzisubiri. Pengine ile ya kutua Belfast kupitia London ndiyo rahisi.