Kizingiti na Mtelemko

Mji wa Kilosa umekaa kando ya mto Mkondoa. Mto huu huwapa watu maji na udongo mzuri wa kulimia, lakini mvua zikizidi, huwa adui. Katika Desemba 2009 na Januari 2010 ulifurika, ukaingia majumbani, ukaharibu njia ya reli, na maelfu ya watu wakakosa makao. Kwa hiyo mjenzi mwenye busara katika bonde lile huinua msingi wa nyumba yake, na mbele ya mlango huweka ngazi.

Msingi wa juu ni jambo jema. Lakini fikirini, watoto: ngazi hizo humzuia mtu ambaye miguu yake haina nguvu. Akitaka kuota jua, hana budi kumwita mtu ambebe. Akitaka kwenda chooni, naye yuko peke yake, hana budi kungoja mpaka wenziwe warudi shambani. Tena siku ya gharika wenye miguu watakimbia, naye atabaki ndani. Basi tujifunze kujenga nyumba izuiayo maji bila kumzuia mtu.

Watu wa namna hii si wachache. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba katika Tanzania, kwa kila watu 100 wenye umri wa miaka 7 na zaidi, 11 hivi wana ulemavu wa namna moja au nyingine. Wengine walizaliwa nao. Wengine walipatwa na ugonjwa, au uzee, au ajali, kama zitokeazo katika barabara kuu ipitayo Mikumi kwenda Iringa. Wazee walisema, "Hujafa hujaumbika." Maana yake, yeye aliye mzima leo hajui atakavyokuwa kesho; kwa hiyo asimcheke mwenziwe.

Kwanza, tutengeneze mtelemko badala ya ngazi, au kando yake. Kanuni yake ni nyepesi: kwa kila futi 1 ya kimo, mtelemko uwe na urefu wa futi 12. Msingi ukiwa na kimo cha futi 2, mtelemko utakuwa wa futi 24. Mtelemko mfupi kuliko huo ni mkali. Kiti cha magurudumu hakipandi kwa nguvu za mikono, na kikishuka hukimbia na kumwangusha mtu. Ua likiwa dogo, mtelemko ufuate ukuta wa nyumba, na penye kona pawe mahali sawasawa pa futi 5 kila upande, mtu apate kupumzika na kugeuka. Mbele ya mlango pia pawe sawasawa. Mawe na udongo ulioshindiliwa vyatosha, ila baada ya mvua havina budi kutengenezwa tena. Juu ya saruji, fundi apitishe ufagio ingali mbichi, isiteleze. Kingo ziinuliwe kidogo, gurudumu lisitoke nje, na kando pasimamishwe mti wa kushikia, wenye kimo cha futi 3 hivi.

Pili, tutazame mlango. Nafasi ya kupita isipungue inchi 32, na kizingiti kiondolewe au kisawazishwe na sakafu. Ndani pawe na nafasi ya futi 5 isiyo na vitu, kiti kipate kuzunguka. Kitanda kilingane na kiti kwa kimo, mtu ahame mwenyewe bila kuinuliwa. Mtungi na kata viwe mahali ambapo mkono wa aliyeketi hufika. Meko yawe na ukingo, na mwenye kifafa asiachwe peke yake karibu na moto ulio wazi.

Tatu, choo. Hapa ndipo mtu huona haya kuliko mahali pengine pote. Juu ya shimo tujenge kiti cha matofali au cha mbao chenye tundu, na kila upande tusimamishe mti imara wa kushikia. Njia ya kwenda huko iwe pana, isiyo na visiki.

Mtu asiyeona ana haja nyingine. Hutembea kwa kukumbuka, kwa hiyo kila kitu kikae mahali pake siku zote. Jembe lililotupwa njiani ni mtego kwake, na mlango ulio wazi nusu humpiga usoni. Ufunguliwe wote au ufungwe wote. Kamba iliyofungwa toka nyumbani mpaka chooni humwongoza hata asipokuwapo mtu. Mwenye macho mafifu husaidiwa na chokaa nyeupe iliyopakwa ukingoni mwa ngazi.

Asiyesikia huzungumza kwa kutazama mikono na nyuso. Tumpe mahali penye mwanga, na usiku taa iwekwe ambapo watu wote wataonana. Hawezi kusikia kelele za gharika. Basi achaguliwe mtu mmoja, ambaye kazi yake usiku wa mvua ni kwenda kumwamsha.

Lakini kabla ya kugusa tofali moja, tumwulize mwenyewe. Yeye ndiye ajuaye mahali mkono wake unapofika na mahali unaposhindwa. Tena tumwite kwa jina lake, wala si kwa kilema chake.

Labda mtu atasema, "Sisi twampenda ndugu yetu, nasi twambeba kila siku, mtelemko wa nini?" Kumbeba ni wema. Lakini abebwaye huenda anapopelekwa, na saa anayochukuliwa. Mwenye mtelemko huenda apendapo. Huenda kanisani, sokoni, shuleni, naye hupata kutumika kwa wengine. Torati inatukataza kuweka kikwazo mbele ya kipofu, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya watu wote yafikike kwao. Nyumbani kwetu tusingoje kuamriwa. Mawe yako mtoni, na udongo uko uani. "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri."

Maswali

1. Kwa nini watu wa bonde la Mkondoa huinua misingi ya nyumba zao?
2. Msingi una kimo cha futi 1 na nusu. Mtelemko uwe na urefu gani?
3. Taja mambo mawili yamsaidiayo asiyeona, na moja limsaidialo asiyesikia.
4. Leo ukirudi nyumbani, pima mlango wenu na kimo cha ngazi. Je, mtu wa kiti cha magurudumu angeweza kuingia? Andika jambo moja mnaloweza kulitengeneza.