HESABU YA KILOMITA: KUCHAGUA CHOMBO CHA USAFIRI PETROLI INAPOPANDA BEI

Katika matawi yetu mengi jambo linalozungumzwa siku ya mshahara, baada ya deni la duka, ni chombo cha usafiri. Mmoja anataka pikipiki ya mkopo. Mwingine ameonyeshwa gari la zamani kwa bei rahisi, na mwenye gari anamhimiza alipe kabla ya Jumapili. Kikundi cha akiba kinataka pikapu ya kupeleka mahindi na matoke sokoni. Wote wanaulizana swali moja: petroli ikipanda tena, tutafanyaje? Somo hili ni la kuwasaidia kulijibu kwa kalamu na karatasi, si kwa maneno ya muuzaji.

Kwanza tujue bei hiyo inatoka wapi. Uganda haina bahari. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya petroli na dizeli yetu imeshushwa Mombasa, ikasukumwa kwa bomba hadi Eldoret na Kisumu, kisha ikabebwa na malori ya matangi kupitia Malaba na Busia. Njia ni ndefu, na kila kituo chake kinaweza kutupandishia bei. Mwanzoni mwa 2008 ghasia za baada ya uchaguzi nchini Kenya zilifunga barabara, na uhaba ukafika Kampala na hata Kigali. Januari 2022 madereva wa malori waligoma mpakani kwa sababu ya kupimwa korona, na katika sehemu kadha wa kadha lita moja ikauzwa shilingi 10,000 na zaidi. Februari mwaka ule ule vikaanza vita vya Ukraine, na katikati ya mwaka lita ilikuwa imepita shilingi 6,000 hata mjini Kampala.

Sasa linganisheni. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa Uganda mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kuweka utaratibu mpya, Rais hakuutia sahihi, na mwaka 2022 kima kilikuwa bado kile kile. Maana yake ni kwamba kwa kima hicho, kazi ya mwezi mzima haikutosha kununua lita moja ya petroli. Bila shaka hakuna anayelipwa hivyo leo. Lakini hapo tunaona ni kitu gani hupanda, na ni kitu gani hukaa palepale.

Wako wanaosema tungoje mafuta yetu wenyewe ya Ziwa Albert, yaliyogunduliwa mwaka 2006. Hayo ni mafuta ghafi. Pikipiki haitembei kwa mafuta ghafi, na bomba la kwenda Tanga limepangwa kuyapeleka nje yakauzwe. Kwa hiyo turudi kwenye kalamu yetu.

HESABU YA KWANZA: UNATEMBEA KILOMITA NGAPI?

Watu wengi huanza kwa kuuliza, "Gari hili linakula petroli kiasi gani?" Swali hilo ni zuri, lakini ni la pili. La kwanza ni: wewe unatembea kilomita ngapi kwa mwezi? Asiyejua kilomita zake hawezi kujua kama chombo ni ghali au rahisi.

Tuseme mfanyakazi wa kiwanda cha chai anakaa kilomita 10 kutoka kazini. Kwenda na kurudi ni kilomita 20. Kwa siku 25 za kazi ni kilomita 500 kwa mwezi. Pikipiki ndogo iliyo nzima huenda kama kilomita 50 kwa lita, basi atatumia lita 10. Lita ikiwa shilingi 4,000, analipa 40,000. Ikipanda kufika 6,000, analipa 60,000. Gari dogo linalokula lita 8 kwa kilomita 100 litataka lita 40: lilipokuwa linamaliza 160,000, sasa linamaliza 240,000. Bei ile ile imepanda kwa wote wawili, lakini mwenye pikipiki ameongezewa 20,000 na mwenye gari 80,000.

Sasa tazameni vyombo vya kuchangia. Teksi, yaani matatu ya abiria 14, inaweza kula lita 12 kwa kilomita 100. Kwa kilomita zetu 500 ni lita 60, lakini zikigawanywa kwa watu 14 kila mmoja anabeba lita 4 na kidogo. Basi la watu 60 likila lita 30 kwa kilomita 100 litatumia lita 150, na kila mtu anabeba lita mbili na nusu tu. Basi lile kubwa linalotoa moshi, ambalo kila mtu analiona ni mlafi, likijaa hula petroli kidogo kwa kila mtu kuliko pikipiki ya mtu mmoja, tena mara nne. Bila shaka nauli unayotozwa ni zaidi ya petroli, maana mwenye gari, dereva na kondakta nao wanataka sehemu yao. Jambo hili tutalirudia tukifika kwenye mkataba.

Na baiskeli? Wengi siku hizi wanaona haya kuitaja, kana kwamba ni dalili ya umaskini. Kwa mtu anayekaa kilomita 4 au 5 kutoka shambani, katika nchi isiyo na vilima vikali, sijui chombo kinachoishinda. Ikumbukwe kwamba hata boda boda ilianza kwa baiskeli, pale mpakani Busia, ikivusha watu na mizigo yao.

HESABU YA PILI: DENI LINAKULA KULIKO INJINI

Hapa ndipo ndugu zetu wengi huumia, kwa sababu wanaitazama pampu na kusahau mkopo. Turudi kwa yule wa kiwanda cha chai. Tuseme pikipiki mpya inauzwa shilingi milioni 5, naye akaichukua kwa mkopo ambao pamoja na riba unafika milioni 7. Ikidumu miaka mitano, yaani miezi 60, imemgharimu karibu shilingi 117,000 kila mwezi kabla ya kutia hata tone moja la petroli. Petroli yake ni 60,000. Kwa hiyo kinachommaliza ni deni, na wala haitamsaidia kuhangaika kutafuta pikipiki ya bei kubwa zaidi eti kwa sababu inaokoa lita moja kwa mwezi.

Kwa dereva wa boda boda ni kinyume. Yeye akitembea kilomita 100 kwa siku, kwa siku 26 ni kilomita 2,600. Hizo ni lita 52, shilingi 312,000 kwa mwezi. Kwake kila kilomita inayookolewa katika lita ni chakula cha watoto. Huyo ndiye anayepaswa kulipa zaidi ili apate injini isiyokula.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo itakiongoza kikundi cha akiba kuhusu pikapu. Tuchukue mbili, kwa bei za mfano. Ya kwanza ni ya zamani, ya petroli, inakula lita 14 kwa kilomita 100, na inauzwa milioni 12. Ya pili si ya zamani sana, ni ya dizeli, inakula lita 9, na bei yake ni milioni 25. Tuseme mafuta yote ni 6,000 kwa lita. Kikundi kinachokwenda sokoni mara chache, kilomita 400 kwa mwezi, kitaokoa kwa ile ya pili lita 20, yaani shilingi 120,000. Bei zao zimepishana milioni 13. Itachukua miezi 108, miaka tisa, kuirudisha tofauti hiyo. Nani anajua kama gari litakuwa linatembea? Lakini kikundi kinachotembea kilomita 3,000 kwa mwezi kitaokoa lita 150, shilingi 900,000, na tofauti itarudi katika muda wa miezi 15 hivi.

Kwa hiyo wakati petroli inapopanda na watu wanayakimbia magari makubwa ya zamani, bei ya magari hayo inaweza kushuka, na anayetembea kidogo anaweza kupata kitu cha maana. Muuzaji hatakuambia hivyo kwa namna ya kweli. Mwenye gari lenye kiu atasema linakunywa kidogo, na mwenye dizeli atasema dizeli haiharibiki. Dizeli huharibika, na pampu yake na nozeli zake zikiharibika kwa mafuta machafu au yaliyochanganywa na mafuta ya taa, bei ya matengenezo itakutoa jasho. Ulizeni kwanza kama fundi wake yuko karibu nanyi.

Tena angalieni mwaka wa gari. Tangu sheria ya 2018 Uganda hairuhusu kuingiza gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa. Yaliyoingia kabla ya hapo bado yako barabarani, na ndiyo mengi yanayouzwa kwa bei rahisi.

KUPIMA KIU YA CHOMBO

Usiamini kilomita zilizoandikwa kwenye saa ya gari, maana saa hurudishwa nyuma. Tazama mpira wa pedali ya breki, kiti cha dereva, na usukani. Gari linalodai kilomita 60,000 na pedali zake zimelika mpaka chuma, linasema uongo.

Kisha omba kulipima. Jaza tangi mpaka shingoni kwenye pampu moja, andika kilomita, tembea walau kilomita 50 kwa njia unayoitumia kila siku, rudi pampu ile ile ujaze tena. Petroli uliyoongeza ndiyo iliyoliwa. Mwenye chombo akikataa, amekwisha kukujibu.

Moshi nao ni barua. Moshi mweusi maana yake petroli inaingia nyingi kuliko inavyoungua, au kisafisha hewa kimeziba kwa vumbi la murram. Moshi wa samawati maana yake injini inaunguza oili, na siku za matengenezo makubwa zimekaribia. Kwa pikipiki, mwambie fundi afungue plagi: ikiwa ya rangi ya kahawia nyepesi ni vizuri, ikiwa nyeusi yenye masizi, unachoma fedha. Matairi yasiyo na upepo wa kutosha hukula mafuta kimya kimya, na mwendo wa kasi hukula zaidi ya unavyodhani.

Kuna njia moja ya kuokoa ambayo ni lazima tuikataze kwa nguvu. Katika vilima vya magharibi madereva wengine huzima injini kwenye mteremko ili kupunguza mafuta. Injini ikizimwa, breki za gari hupoteza msaada wake na pedali huwa nzito. Usukani nao huwa mgumu. Lori lenye breki za upepo haliongezi upepo tena, na ule uliobaki huisha kadiri dereva anavyokanyaga. Mkiwa nyuma ya lori la miwa au trela la wachuma chai, na mkasikia injini imenyamaza kwenye mteremko, pigeni kelele. Petroli inayookolewa pale haizidi kikombe.

PIKIPIKI ZA UMEME

Wengi wanatuuliza juu ya pikipiki za umeme zinazoonekana Kigali na Kampala. Dereva habebi deni la betri katika mipango mingi; hufika kituoni, huacha betri iliyoisha na kuchukua iliyojaa, na hulipia hiyo huduma. Umeme wetu kwa sehemu kubwa hutoka katika mabwawa ya Nile, kama Jinja, Bujagali na Karuma, kwa hiyo vita vya mbali haviupandishi bei siku ile ile kama petroli. Kwa dereva wa mjini hesabu inaweza kuwa nzuri sana. Kwa mtu wa shambani swali ni moja: kituo cha kubadilisha betri kiko wapi? Kikiwa kilomita 40 kutoka kambini, hiyo si pikipiki yako bado.

CHOMBO AMBACHO SI LAZIMA UNUNUE

Tumeona kwamba basi lililojaa linamtoza kila mtu lita mbili na nusu kwa mwezi, na pikipiki lita 10 pamoja na deni. Ndiyo sababu matawi yasiache jambo la usafiri liwe mzigo wa kila mtu peke yake. Wafanyakazi 60 wanaochukua pikipiki 60 za mkopo wameingia katika deni la zaidi ya shilingi milioni 400, kwa njia ambayo gari moja la kampuni lingeweza kuipita kila asubuhi.

Katika mazungumzo ya mkataba, liwekwe gari la wafanyakazi lenye viti, si trela. Mwajiri akisema atatoa posho badala ya gari, angalieni jinsi inavyoandikwa. Posho iliyoandikwa kwa shilingi, tuseme 40,000 kwa mwezi, hununua lita 10 lita ikiwa 4,000, na karibu lita 7 ikiwa 6,000. Mwajiri hajavunja mkataba, lakini lita 3 na kidogo zimetoka mfukoni mwako. Iandikwe kwa lita, au kwa nauli ya njia inayojulikana, na ihesabiwe upya kila miezi mitatu kwa bei ya pampu iliyo karibu na kiwanda. Maneno hayo machache yana thamani kuliko nyongeza ndogo ya mshahara ambayo pampu itaimeza kabla ya mwisho wa mwaka.

KAZI YA KIKUNDI CHA MASOMO

Kabla ya mkutano ujao kila mwanachama aandike kilomita anazotembea kwa mwezi kwenda kazini, chombo anachotumia, na fedha anazolipa, yaani nauli, au petroli, mkopo na matengenezo. Wenye pikipiki wapime kiu yake kwa njia tuliyoieleza. Katibu ajumlishe yote na kugawanya kwa idadi ya wanachama. Kisha aulize kwa wenye mabasi kukodi basi moja kwa mwezi ni kiasi gani, na aweke hesabu hizo mbili mezani, upande kwa upande, siku kamati itakapokutana na meneja.