SOMO LA AFYA: NDURU NDANI YA MWILI



Tunapotembelea vikundi kando ya ziwa, kuanzia Karungu hadi Mbita na Kendu Bay, kuna maswali mawili tunayoulizwa mara kwa mara. La kwanza: "Mtu akijikata kidole leo, mbona kesho mkono mzima unavimba na kuwaka? Ni panga linalomtesa au ni mwili wake mwenyewe?" La pili huulizwa kwa sauti ya chini: "Mzee wetu tumbo limefura, miguu imekonda, na hospitali wanasema ni ini. Lakini yeye hajawahi kunywa pombe. Si amerogwa?"

Maswali haya yanaonekana kama hayana undugu. Kumbe jibu lao ni moja. Wanafunzi wa uuguzi hufundishwa jibu hilo kabla ya kusoma ugonjwa mmoja mmoja, nasi tunaona halifai kubaki darasani. Kikundi kikilielewa, kitajua wakati wa kungoja, wakati wa kukimbia hospitali, na mahali pa kutumia pesa zake.

1. SELI INAUMIAJE?

Mwili umejengwa kwa seli, kama nyumba inavyojengwa kwa matofali. Lakini tofali halili wala halipumui. Seli inakula, inapumua na kutoa taka zake. Ni ndogo mno, huioni bila darubini.

Seli inahitaji oksijeni, chakula, maji na joto la kadiri. Ikikosa kimoja, inaumia. Inaweza pia kuumizwa na panga, uji wa moto, dawa ya kunyunyizia mimea, vijidudu au minyoo.

Seli iliyoumia ina njia tatu mbele yake:

(a) Kupona. Kama dhara ni dogo na limeondolewa mapema, seli hurudi katika kazi yake.

(b) Kuzoea. Angalia kiganja cha mama anayelima kila siku. Ngozi imekuwa nene, imeota sugu. Seli zimejipanga upya ili zihimili jembe.

(c) Kufa. Hapa kuna vifo viwili. Seli iliyomaliza kazi yake hufa kwa utaratibu: inajikunja, inamezwa na seli nyingine, na sisi hatujui lolote. Lakini seli iliyouawa na moto au sumu hupasuka. Vilivyomo ndani yake vinamwagika juu ya majirani, na kumwagika huko ni kama kupiga nduru.

2. MAJIRANI WANAKUJA

Hebu fikiria nyumba imeshika moto kijijini. Mtu anapiga nduru. Watu wanakimbia kutoka kila upande. Ua unavunjwa ili wapite, maji yanamwagwa, vitu vinatolewa nje. Mtu akipita saa hiyo, asiyejua habari, anaweza kudhani wale watu ndio wanaobomoa nyumba.

Mwili unafanya vivyo hivyo. Seli zilizoumia zinatoa kemikali za kuita msaada, mojawapo ikiitwa histamini. Mishipa midogo ya damu iliyo karibu inapanuka, kuta zake zinaachia nafasi, na maji ya damu yanavuja kuingia mahali palipoumia. Kisha chembechembe nyeupe za damu zinapenya na kufika. Kundi la kwanza linafika katika saa chache. Hizo zinaua vijidudu na nyingi zinafia pale pale. Usaha unaouona ni mizoga yao. Baada ya siku moja au mbili linafika kundi la pili, seli kubwa zinazokula uchafu na kusafisha uwanja. Mwisho wanakuja mafundi, seli zinazofuma nyuzi za kovu.

Kazi hii yote wauguzi wanaiita inflamesheni. Mrumi mmoja aitwaye Celsus, miaka kama 2000 iliyopita, aliandika dalili zake nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Baadaye ikaongezwa ya tano, kwamba kiungo kinashindwa kufanya kazi yake. Tukumbuke kwamba katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Gusa kwa upande wa nyuma wa kiganja usikie joto, tazama kama ngozi inang'aa au imekuwa nyeusi zaidi, na ulinganishe na upande mwingine.

Basi jibu la swali la kwanza ni hili: panga liliumiza mara moja, na uvimbe ni majirani wakifanya kazi. Hatupigani nao. Tunachofanya ni kuondoa kilichopigisha nduru na kuwaachia nafasi:

- Jeraha lioshwe kwa maji safi na sabuni, uchafu utolewe, lifunikwe kwa kitambaa safi. Tusipake udongo, kinyesi cha ng'ombe wala mafuta ya taa. Hayo yanaongeza seli za kufa. Tuulize pia kuhusu sindano ya pepopunda.

- Mtu akiungua, tumiminie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Si unga, si dawa ya meno.

- Dawa za maumivu za aina ya ibuprofeni na aspirini zinapunguza nduru, lakini haziondoi sababu. Mtu anayezimeza kila wiki bila kupimwa anawanyamazisha wanaoita huku nyumba inaungua. Tena dawa hizo zinaweza kuchubua tumbo na kuleta kutoka damu.

- Uvimbe ukizidi baada ya siku ya tatu, homa ikipanda, au mstari ukionekana kupanda mkononi au mguuni, usingoje. Nenda dispensari siku hiyo hiyo.

3. MAJIRANI WASIPORUDI KWAO

Sasa tuje kwa mzee wetu mwenye tumbo. Katika pande zetu za ziwa, moja ya sababu kubwa za tumbo kama hilo ni kichocho cha tumbo, ambacho wengi wetu tunakiita bilhazia. Viluwiluwi vyake hutoka kwa konokono wa majini, hasa jua likiwa kali mchana, na hupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu: anayefua, anayechota maji, anayevuta nyavu, anayechimba mchanga, mtoto anayeogelea. Gugumaji likitanda ufuoni, konokono wanapata maficho mazuri.

Ndani ya mwili viluwiluwi hukua kuwa minyoo wenye urefu wa kama sentimita moja. Wanakaa katika mishipa ya damu inayozunguka utumbo, dume na jike pamoja, na wanaweza kuishi humo miaka mingi. Ajabu ni kwamba minyoo wenyewe hawapigishi nduru kubwa. Wamejifunza kujificha. Shida ni mayai. Jike mmoja hutaga mayai kati ya 100 na 300 kwa siku. Kama nusu yake hutoka na kinyesi. Yaliyobaki yanachukuliwa na damu, na mengi yanakwama katika ini.

Yai moja lina urefu wa kama sehemu moja ya saba ya milimita, na lina mwiba ubavuni. Linaishi kama wiki tatu, likitoa majimaji yanayoumiza seli zilizo karibu. Nduru inapigwa. Majirani wanakuja, wanalizunguka yai na kulifungia ndani, kama watu wanavyojenga ukuta kuzunguka shimo baya. Yai linakufa, mafundi wanafuma kovu. Ni kazi nzuri! Lakini kesho yanakuja mayai mengine, na kesho kutwa mengine. Majirani hawarudi kwao kamwe. Baada ya miaka, kandokando ya mishipa ya ini panajaa makovu magumu. Daktari Symmers, aliyefanya kazi Misri, aliyaandika mwaka 1904. Aliyafananisha na mashina ya viko vya udongo.

Damu yote ya utumbo lazima ipite katika ini. Mto Kuja ukizibwa na mafunjo, maji hayakubali kusimama; yanatafuta njia nyingine na kufurika mashambani. Damu nayo inafanya hivyo. Bandama inavimba, maji yanajaa tumboni, na mishipa iliyo mwisho wa koo la chakula inafura kama kamba. Siku moja inapasuka, na mgonjwa anatapika damu.

Seli za ini zenyewe mara nyingi huendelea kufanya kazi kwa muda mrefu. Ndiyo maana mtu anaweza kuvua samaki na kulima miaka mingi, akiwa anasikia tu tumbo kusokota na uchovu, halafu ghafla anatapika damu usiku. Jirani anayeona ghafla hiyo anasema amerogwa. Mwingine anasema ni pombe ya siri. Wote wawili wanamwongezea mgonjwa jeraha la pili. Ni mayai, na makovu ya mwili uliojaribu kujilinda.

4. NA MAJIRANI WASIPOKUJA?

Mtu anaweza kusema, basi heri mwili ukae kimya. Hapana. Huko Kisumu watafiti walichunguza wanaume wanaoosha magari wakiwa wamesimama ndani ya ziwa. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 1997, ilionekana kwamba wale waliokuwa na kichocho pamoja na virusi vya UKIMWI walitoa mayai machache katika kinyesi, ukilinganisha na wingi wa minyoo waliokuwa nao. Sababu ni kwamba yai halina miguu. Ni hao majirani, yaani inflamesheni, wanaolisukuma kupita ukuta wa utumbo litoke nje. Kinga ikiwa dhaifu, yai linabaki. Kwa hiyo kipimo kimoja cha kinyesi kisichoonyesha yai hakimalizi maneno. Kama dalili zipo, omba kupimwa tena.

Kitu kingine kinachowachelewesha majirani ni dhiki ya muda mrefu. Ukikutana na kiboko ufuoni, tezi ndogo zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini na kotisoli. Moyo unapiga mbio, sukari inaingia katika damu, unakimbia. Hiyo ni dhiki ya dakika, na inaokoa. Lakini kuna dhiki ya miezi: deni, mgonjwa nyumbani, kukosa usingizi. Hapo kotisoli inaendelea kumwagika, na mojawapo ya kazi zake ni kutuliza inflamesheni. Majirani wanafika wachache tena wamechelewa.

Hili limepimwa. Mwaka 1995 watafiti wa Ohio, Marekani, walitoa taarifa ya wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza jamaa waliopoteza kumbukumbu, na wengine 13 wa umri kama wao wasiokuwa na mzigo huo. Kila mmoja alitiwa jeraha dogo la aina moja mkononi. Majeraha ya wauguzaji yalichukua kwa wastani siku 9 zaidi kupona. Basi mama anayeuguza nyumbani akikwambia kidonda chake hakiponi, usimwambie anajidekeza.

5. KIKUNDI KIFANYE NINI?

Kwanza, dawa ya kichocho iitwayo prazikwanteli inaua minyoo wakubwa, na hivyo inakomesha utagaji. Makovu machanga yanaweza kulegea. Ya zamani sana hayaondoki. Ndiyo maana hatungoji tumbo lifure. Dawa haiui minyoo wachanga wala haimkingi mtu asiambukizwe tena, kwa hiyo anayerudi ziwani huhitaji kuimeza tena baadaye. Imezwe baada ya chakula.

Pili, tusidhani ni dawa ya watoto wa shule tu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unasema kwamba katika jamii zenye maambukizi ya asilimia 10 au zaidi, dawa itolewe kila mwaka kwa watu wote kuanzia miaka 2, wakiwemo watu wazima, mama wanaonyonyesha, na wajawazito waliopita miezi mitatu ya kwanza. Watoto wadogo zaidi nao wamefikiriwa: dawa yao, ya miezi 3 hadi miaka 6, ilijaribiwa Ivory Coast na Kenya kuanzia mwaka 2019, na huku Kenya taasisi ya KEMRI ilifanyia kazi hiyo hapa hapa Homa Bay.

Tatu, choo. Kinyesi kisipofika ziwani, konokono hapati yai la kumwambukiza. Maji ya kuoga yachemshwe, au yakae siku mbili katika chombo kilichofunikwa.

Nne, anayeuguza asaidiwe kwa zamu. Saa tatu za kulala, na sahani ya omena au maharagwe, ni sehemu ya matibabu.

Tano, anayetapika damu au kutoa choo cheusi kama lami apelekwe hospitali mara moja. Hapo hakuna mkutano wa kikundi kwanza. Ninyi mweke pesa ya gari tayari.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, nani anaingia majini kila siku? Alimeza dawa ya kichocho lini mara ya mwisho?

2. Mwaka jana tulitoa pesa ngapi kwa matanga, na ngapi kwa vipimo na nauli ya wagonjwa?

3. Kijijini kwetu kuna mgonjwa wa tumbo ambaye watu wameacha kumtembelea kwa sababu ya maneno? Nani atakwenda kwake wiki hii, na mhudumu wa afya ataitwa na nani?

Mkishajadiliana, andikeni majina na tarehe katika kitabu cha kikundi. Mkutano ujao usomwe: ni nani amekwenda, na ni nani bado.