Picha za Wachumba na Mawe ya Yordani

Somo: Yoshua 4:1–9

Zamani wachumba walikwenda studio mjini, wakasimama mbele ya pazia lililochorwa maua, wakapigwa picha moja, ikatundikwa ukutani. Siku hizi vijana humchukua mpiga picha wakazunguka naye kutwa nzima mahali penye maana kwao: pale walipoonana kwanza, shule waliyosoma, mwembe waliokaa chini yake wakizungumza. Wazee wengine huuliza, je, hii si fahari tupu?

Sisi hatudhani hivyo. Waisraeli walipovuka Yordani waliamriwa kutwaa mawe kumi na mawili, ili watoto watakapouliza maana yake wahadithiwe. Lakini tuangalie mawe hayo yalitoka wapi. Yalitoka katikati ya mto, pale pale miguu ya makuhani iliposimama. Hayakuokotwa kwingine kwa sababu ni mazuri.

Tuseme kijana ni wa Usoke na binti ni wa Tabora mjini, nao walionana stesheni ya Usoke, kwenye reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Picha ya stesheni ni yao kweli kweli. (Ila wasikae juu ya reli, treni haijui uchumba.) Sasa wanataka kwenda Kwihara pia, kwa kuwa wenzao walipiga huko. Hapo na waulizane: sisi na Kwihara tuna habari gani? Tembe lile si ukuta wa kupendeza tu. Livingstone alikaa pale mwaka 1872 akingoja wapagazi, hali mkewe Mary alikwisha kufariki tangu 1862. Mwaka 1873 Chuma na Susi na wenzao walipita Unyanyembe wakichukua maiti yake kwenda pwani. Njia ile ile ilipitisha pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Kijana ambaye babu wa babu yake alikuwa mpagazi anayo haki ya kusimama pale kuliko watalii wote, lakini asimame akijua.

Tumeona pia kwamba katika picha hizi nyumbani huachwa. Wachumba wapo kila mahali isipokuwa kwenye ua ule ambako wazee walikaa kupokea posa na kuzungumza habari ya mahari. Pengine wanaona haya kwa sababu ya ukuta wa udongo na kuku wanaopita. Sisi twasema, hapo ndipo penye jiwe la katikati ya mto. Mwiteni bibi atoke jikoni, naye asimame kati yenu.

Liko jambo zito zaidi. Picha hupelekwa kwa simu jioni ile ile, na kufika kwa watu wasiojulikana, kabla posa haijaisha. Uchumba si ndoa, nao waweza kuvunjika. Ndiyo maana Kanisa hutangaza Jumapili tatu, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hutaka taarifa ya siku ishirini na moja, ili mwenye pingamizi aseme. Uchumba ukivunjika, kijana hupita njiani kama kawaida, lakini binti huonyeshwa kidole, na picha ile haifutiki tena. Basi kazungusheni picha zenu, mfurahi, mcheke. Ila zikae nyumbani mpaka matangazo yamesomwa yote matatu. Wazazi nao wasiwe wa kwanza kuzitangaza, maana mara nyingine ni wao.

Mkichagua moja ya kutundika, pelekeni ikachapishwe kwenye karatasi. Picha iliyo ndani ya simu haina mgongo. Ile ya karatasi igeuzeni, mwandike kwa kalamu jina la mahali, tarehe, na majina ya waliosimama, pamoja na la bibi.